Wagonjwa wa Moyo Wako Wapi Baada ya Miaka Mitano?

Jioni moja baada ya swala ya Isha, barazani kwetu Ngamiani, mjini Tanga, mzee mmoja aliuliza swali ambalo tangu siku hiyo sijaweza kuliacha. Baba yangu mdogo, fundi wa mashua aliyefanya kazi miaka mingi pale Deep Sea, alikuwa amerudi kutoka hospitali na habari kwamba moyo wake umetanuka na umepungukiwa nguvu, na kwamba dawa alizopewa atazitumia maisha yake yote. Mzee yule alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Sasa bwana fundi, si tunasikia huko ng'ambo wanabadilisha moyo kama wewe unavyobadilisha ubao uliooza chomboni? Huyo aliyebadilishiwa huishi miaka mingapi?"

Watu waligeuka kunitazama mimi, na mimi nikajibu kwa takwimu za Marekani na Ulaya, kwa kuwa hizo ndizo zilizokuwa kichwani mwangu. Baba mdogo alitikisa kichwa taratibu, akauliza swali lake mwenyewe: "Na hawa wenzangu wa hapa, wenye moyo kama wangu, wanaotumia dawa kama zangu, wao wanaishi miaka mingapi?" Swali la mzee lilikuwa na jibu lililochapishwa, linalosahihishwa kila mwaka. Swali la baba mdogo halikuwa nalo. Nadhani tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kushughulikiwa kwanza na kila anayetaka nchi hii siku moja ipandikize moyo, na mimi ni mmoja wa wanaotaka hivyo.

Historia ya upandikizaji wa moyo inaonyesha kwa nini. Tarehe 3 Desemba 1967, katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, Christiaan Barnard na wenzake walimpandikiza Louis Washkansky moyo wa binti aliyegongwa na gari. Dunia nzima ilishangilia. Washkansky aliishi siku 18, akafa kwa nimonia, kwa sababu dawa zilizotumika kuuzuia mwili usiukatae moyo mgeni zilikuwa pia zimeuvua mwili kinga yake. Mgonjwa wa pili wa Barnard, Philip Blaiberg, aliyepandikizwa mwanzoni mwa Januari 1968, aliishi zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Katika mwaka huo wa 1968 hospitali nyingi duniani ziliivamia kazi hiyo, zaidi ya mioyo 100 ikapandikizwa, lakini wengi wa waliopandikizwa walikufa ndani ya wiki au miezi michache, na baada ya muda si mrefu hospitali nyingi zikaacha kabisa.

Wachache hawakuacha. Norman Shumway na kundi lake katika Chuo Kikuu cha Stanford waliendelea kupandikiza wagonjwa kidogo kidogo, wakiandika kila homa, kila dalili ya mwili kuukataa moyo na kila kifo. Humo ndimo yalimotoka maarifa ya kuchagua mgonjwa anayefaa na ya kuchukua kipande kidogo cha nyama ya moyo kwa njia ya mshipa ili kuona mapema kama kinga ya mwili imeanza kuushambulia. Siklosporini, dawa ya kuzuia mwili usiukatae moyo mgeni, ilipoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1980, tayari kulikuwa na kumbukumbu za kulinganisha kabla na baada, na hakuna aliyehitaji kubahatisha kama dawa hiyo inasaidia. Leo, katika nchi zenye huduma hii, kati ya wagonjwa 100 waliopandikizwa moyo, 85 hadi 90 huwa hai mwaka mmoja baadaye, na nusu yao huishi zaidi ya miaka 12.

Tarakimu hizo mbili zilinunuliwa kwa kazi ya uandishi isiyo na sifa. Marekani ilitunga sheria ya taifa ya upandikizaji wa viungo mwaka 1984, na kutokana na sheria hiyo kila anayesubiri kiungo na kila aliyepewa hufuatiliwa katika daftari moja la nchi, na matokeo ya kila hospitali hutangazwa kwa umma. Jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa upandikizaji wa moyo na mapafu nayo imetunza rejista yake tangu miaka hiyohiyo.

Upo mfano mmoja ambao kila ninapousoma hunionyesha thamani ya kumfuata mtu hadi mwisho. Daktari anapoutoa moyo kwa mchangiaji, mishipa ya fahamu hukatwa pamoja na mingine. Mishipa ya damu huungwa upya, lakini ile ya fahamu haiungwi, na hata ikiota tena huota kwa kiasi kidogo tu. Kwa hiyo moyo mpya hupiga haraka kuliko kawaida hata mtu akiwa amekaa, na jambo la hatari zaidi ni kwamba mara nyingi hauumi. Baada ya miaka kadhaa mishipa inayoulisha huanza kuwa myembamba, ugonjwa ambao ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya waliopandikizwa zamani, lakini mgonjwa hapati lile bano la kifua linalompeleka mtu mwingine hospitali. Anajisikia mzima mpaka siku moyo unaposhindwa. Jambo hili lisingejulikana kwa kuwahesabu walioruhusiwa kurudi nyumbani wakitabasamu mbele ya kamera. Lilijulikana kwa sababu mtu fulani aliendelea kuwaita mwaka wa tatu, wa tano na wa kumi, akawapima wote, waliokuwa wagonjwa na waliojiona wazima.

Je, hatuwezi kuziazima takwimu hizo? Kwa sehemu tunaweza, na kwa sehemu kubwa hatuwezi. Waliomo katika rejista hizo wengi wanaishi Marekani na Ulaya, wana bima inayolipia dawa kila mwezi, na wako karibu na maabara inayopima kiwango cha dawa katika damu. Mpandikizwa hutumia dawa za kupunguza kinga maisha yake yote, na mtu aliyepunguziwa kinga akiishi Makorora, Pangani au Lushoto anakutana na kifua kikuu na malaria, si na mafua ya baridi ya Ulaya peke yake. Anayetuambia kwamba mgonjwa wetu ataishi miaka 12 kwa sababu mgonjwa wa London ameishi miaka 12 anatoa ahadi isiyo na msingi, hata kama nia yake ni njema.

Kidogo tulichonacho kuhusu watu wetu kinaonyesha jinsi picha ilivyo tofauti. Utafiti uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014 uliwafuata wagonjwa 427 ambao moyo wao ulikuwa umeshindwa kufanya kazi ipasavyo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55, na chanzo kilichoongoza, kwa karibu asilimia 45, kilikuwa shinikizo la damu. Utafiti mwingine wa nchi 9 za Afrika, uliochapishwa mwaka 2012, uliandikisha wagonjwa 1,006 wenye wastani wa miaka 52, na takriban asilimia 18 walifariki ndani ya siku 180. Katika nchi tajiri ugonjwa huu huwa wa wazee wa miaka 70 na kuendelea. Kwetu unamchukua mtu ambaye bado ana watoto shuleni. Na kwa ugonjwa wa valvu, yaani milango ya moyo inayoongoza damu, unaotokana na homa ya baridi yabisi, rejista iliyokusanya wagonjwa 3,343 katika nchi 14, nyingi zikiwa za Afrika na zikiwemo jirani zetu Kenya, Uganda na Msumbiji, ilikuta nusu yao wana umri wa miaka 28 au chini, na takriban asilimia 17 walikufa katika miaka miwili. Ugonjwa huo huanza na maambukizi ya koo la mtoto, na penisilini ya sindano kila wiki tatu au nne huzuia usirudi.

Hizo zote ni tafiti. Utafiti huanza na kwisha, fedha zinapokatika wafuatiliaji hurudi makwao, na mgonjwa aliyeandikishwa leo hajui nani atamtafuta kesho. Daftari la taifa ni kitu kingine, kwa sababu halina tarehe ya kufungwa.

Narudi kwa baba mdogo. Alikuwa na bahasha ya kaki iliyopauka pembeni, aliyoihifadhi juu ya kabati, na ndani yake mlikuwa na habari zake zote za kitabibu: jibu la eko, kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, picha ya kifua, vipande vya karatasi za dawa na kadi tatu. Nilimuuliza, "Baba mdogo, mbona kadi tatu na zote za hospitali moja?" Akanionyesha ya kwanza, wino wake umetawanyika. "Hii ilirowa masika ya mwaka juzi, nikapewa nyingine. Hiyo nyingine niliisahau nyumbani siku niliyozidiwa, wakanifungulia jalada jipya. Ukienda bila kadi, mwanangu, wewe ni mtu mpya." Kila kadi ilikuwa na nambari yake.

Alifariki nyumbani usiku, miezi kumi na minne baada ya mazungumzo yale ya barazani, akazikwa siku iliyofuata baada ya swala ya Adhuhuri. Wiki mbili baadaye nilirudisha kliniki dawa zilizobaki, nikamwomba muuguzi aandike kwamba amefariki. Alinipa pole, akaifungua rejista: jina, umri, jinsia, mtaa, ugonjwa, dawa, tarehe ya kurudi. Alipitisha kidole safu baada ya safu hadi ukingoni mwa karatasi, na hakukuwa na mahali. Mwishoni alichukua kalamu nyekundu akaandika "marehemu" nje ya mstari wa mwisho. "Hili halitafika popote," aliniambia kwa sauti ya chini, "lakini siwezi kumwacha aitwe mtoro."

Muuguzi yule alifanya yote aliyoweza. Hata hivyo aliandika penye nambari moja tu, ile ya kadi ya tatu, na nambari nyingine mbili zimebaki kama wagonjwa wawili walioacha kliniki bila sababu. Mtu mmoja amekuwa watu watatu, mmoja amekufa na wawili wametoroka. Chukulia basi kliniki yenye wagonjwa 100 ambao baada ya miaka mitano 40 wanajulikana kuwa hai, 20 wanajulikana kuwa wamekufa, na 40 hawajulikani walipo. Ukiwahesabu wote hao wasiojulikana kuwa wako hai, umefaulu kwa asilimia 80. Ukiwahesabu wote kuwa wamekufa, umefaulu kwa asilimia 40. Kati ya tarakimu hizo mbili unaweza kujenga sera yoyote unayoitaka, na ndiyo sababu siziamini taarifa zinazotaja idadi ya waliopasuliwa bila kutaja idadi ya waliofuatiliwa.

Sisemi haya kuwalaumu madaktari. Tangu Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilipoanzishwa mwaka 2015, upasuaji mwingi ambao zamani uliwapeleka wagonjwa wetu India umekuwa ukifanyika Dar es Salaam, na Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, ikafuatiwa na hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma mwaka 2018. Haya ni mambo makubwa kwa nchi yoyote. Lakini mgonjwa anapotoka Dar es Salaam na kurudi Tanga, kilomita zipatazo 350, anarudi katika vitabu vya MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya, ambavyo vilibuniwa kuhesabu huduma. Vinajua vizuri ni watu wangapi walitibiwa malaria mwezi uliopita. Havikubuniwa kujua kama mgonjwa aliyewekewa valvu bado anapumua.

Kwamba tunaweza kumfuata mtu, hilo lisibishaniwe, hasa hapa mkoani kwetu. Korogwe yetu, pamoja na Bagamoyo ya mkoa wa Pwani, zilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya Afrika vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia mwaka 2009, katika nchi 7 na kwa watoto zaidi ya 15,000. Akina mama wa vijijini walibeba watoto wao kliniki, wafanyakazi wa utafiti wakawafuata majumbani, na kwa miaka kadhaa ilijulikana ni mtoto yupi aliugua lini. Kwa kufuata hivyo ndipo ilipobainika kwamba kinga ya chanjo hupungua kadiri muda unavyopita, na kwamba dozi ya nne inahitajika. Shirika la Afya Duniani lilipoipendekeza chanjo hiyo Oktoba 2021, lilitegemea pia madaftari ya Korogwe. Vilevile kila anayeishi na VVU aliyeandikishwa kliniki ya tiba na matunzo ana kadi yenye nambari yake, na asipofika, mhudumu wa afya wa mtaa humtafuta. Mifumo hiyo ilijengwa kwa sababu wafadhili walidai hesabu. Sioni kwa nini hesabu ya mgonjwa wa moyo isidaiwe na taifa lake mwenyewe.

Wapo wanaohofia kwamba daftari la matokeo litakuwa rungu la kuwapigia madaktari, na hofu hiyo ina msingi. Jimbo la New York lilipoanza kukusanya na kuchapisha vifo vya upasuaji wa mishipa ya moyo kuanzia mwaka 1989, vifo vilipungua sana katika miaka michache iliyofuata, lakini palizuka pia lalamiko kwamba baadhi ya wapasuaji wanawakwepa wagonjwa mahututi ili wasiharibu hesabu zao. Njia ya kuliepuka hilo inajulikana: hesabu hupimwa kwa kuangalia uzito wa ugonjwa, ili daktari anayewapokea waliozidiwa asifananishwe na anayechagua wepesi. Upande wa pili wa mizani uko Bristol, Uingereza. Uchunguzi wa umma uliotoa ripoti mwaka 2001 ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 watoto 30 hadi 35 wa chini ya mwaka mmoja walikufa baada ya upasuaji wa moyo katika hospitali ile zaidi ya waliotarajiwa katika kituo cha kawaida. Mtaalamu wa usingizi, Stephen Bolsin, alikuwa ameona vifo vimezidi na akakusanya hesabu kwa mkono wake, lakini hapakuwa na daftari la nchi linalosomwa na mtu mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi. Watoto wale hawakukosa madaktari wala vitanda. Nikiambiwa nichague kati ya hatari ya New York na ya Bristol, nachagua ya New York bila kusita, kwa kuwa yake inarekebishika.

Kuhusu siri ya mgonjwa, tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, na daftari hili lijengwe chini yake tangu siku ya kwanza. Watu wetu wana sababu ya kutaka uhakika huo. Kijana akijulikana mtaani kuwa ana valvu ya chuma anaweza kukosa kazi bandarini, na binti anaweza kukosa mchumba.

Ninachokipendekeza si kikubwa. Mgonjwa aandikwe siku anapogunduliwa, si siku anapopasuliwa, kwa sababu wanaokufa kabla ya kufika meza ya upasuaji ndio wengi na ndio wasioonekana kabisa. Awe na nambari moja isiyobadilika, iwe ya kitambulisho cha taifa au nyingine iliyofungamana nayo, ili kadi iliyorowa isimzalishe mtu mpya. Ziandikwe ugonjwa na chanzo chake, umri, wilaya, tiba aliyopewa na mahali alipopewa. Kisha kila mwaka lijibiwe swali moja: yu hai? Hayo yakikaa sawa kwa miaka mitano tutajua wangapi walifikia hatua ya kuhitaji moyo mwingine, na wangapi wangeokolewa na kidonge cha presha kinachopatikana duka la dawa la Barabara ya Kumi na Mbili. Na tukipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, kama tulivyofanya mwaka 2023, bila kujua hayo, watakaopanga viwango vya bima watapanga gizani.

Sehemu ngumu ni kifo, kwa kuwa wengi hufia nyumbani. Katika mitaa yetu habari ya msiba hufika kwanza msikitini au kanisani, kisha kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, na familia nyingi huenda RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, pale tu mirathi inapodai cheti. Hospitali haimo katika njia hiyo. Mtendaji akiwa na namna ya kutuma jina na nambari ya kitambulisho siku ileile ya maziko, kama anavyotuma mambo mengine kwa simu, muuguzi yule wa kliniki asingehitaji kalamu nyekundu.

Mama mdogo alipomaliza eda aliniuliza kama aitupe ile bahasha ya kaki. Nilimwomba airudishe juu ya kabati, kwa sababu zile nambari tatu bado hazijapata mtu wa kuziunganisha.